Mashini Iliyoshona Uvira na Kukataa Luvungi

Tangu niache kazi mwezi uliopita, vijana wa atelye, karakana yetu ya mashini za kushona, wamekuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza walitafuta ufunguo wa sanduku la visi, zile skrubu ndogo. Mara ya pili walitaka kujua kwa nini mashini fulani inakata uzi wa juu kila baada ya shubiri mbili. Mara ya tatu hawakuwa na swali, walikaa tu wakanywa chai, na walipoondoka mmoja akasema, "Mzee, si uandike basi, tusiwe tunakusumbua." Sikuwa nimesumbuka hata kidogo, lakini naandika.

Sitaeleza nilivyofanywa mkubwa wa atelye, kwa sababu siku ile hakuna mashini hata moja iliyotengenezwa. Tulikula tu, na kazi ikalala. Nitaanza na siku ya kwanza, maana mpaka leo naona ndiyo siku niliyojifunza mengi zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, hapa Uvira. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetengeneza baiskeli miaka minne, na nilijihesabu fundi. Atelye ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, chenye dirisha pana lililoleta mwanga kutoka ziwani. Mwenye kazi alikuwa mzee Kashindi, mtu mfupi aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata wakati wa joto, na aliyekuwa na desturi ya kuiambia mashini "samahani" kabla ya kuifungua. Nilitegemea anipe mashini mbovu niitengeneze. Alinipa nzima.

"Iharibu," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Geuza sindano, mbele iwe nyuma. Kisha ushone, uniambie unaona nini."

Nikaigeuza. Kila sindano ya mashini ina mfereji mrefu upande mmoja ambamo uzi hupita, na mfereji huo ukikaa upande usio wake, mashini inaruka. Inashona pointi mbili, yaani mishono miwili, inaacha fasi, inashona moja, inaacha tena. Nikamweleza nilichokiona. Akasema, "Sasa rudisha sindano, halafu uzi wa juu usiuingize kati ya visahani vinavyoukaza. Uache ulegee." Nikashona. Juu ya kitambaa palikuwa pazuri. Nilipokigeuza nikakuta fundo la uzi kama kiota cha ndege. Kosa lilikuwa juu, kidonda kikatokea chini. Jambo hilo lilinishangaza sana, na nimewaona mafundi wenye mvi wakilegeza na kukaza bobini ya uzi wa chini asubuhi nzima huku uzi wa juu ukining'inia bila kazi, wala hawautazami.

Juma zima nilikuwa naharibu. Nilijaza bobini kwa kulegeza, nikaona uzi wa chini ukitoka kwa kushtuka-shtuka. Nilipinda sindano kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, nikaisikia ikigonga bati: tik, tik, tik, na kwenye tik ya ishirini ikavunjika. Niliacha kipande cha uzi chini ya kibati kinachokaza bobini. Kila kosa lilikuwa na sura yake na sauti yake. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa na furaha ya mtu aliyelipwa ili avunje vitu.

Vyombo vyetu havikuwa vingi. Bisibisi tatu, ndogo yao kama kijiti cha meno. Kioo cha kukuza. Manyoya ya jogoo ya kufagilia vumbi la pamba kwenye meno yanayosukuma kitambaa, kwa kuwa brashi za dukani zilidondosha nywele ndani na kuongeza ugonjwa. Mafuta ya taa ya kuyeyushia mawese. Ndiyo, mawese. Watu wa kando ya ziwa walikuwa wakipaka mashini mafuta yaleyale ya kupikia, nayo yaliteleza vizuri siku mbili, siku ya tatu yakawa gundi. Nimewahi kufungua mashini iliyonukia sombe, mboga ya majani ya muhogo, mpaka nikaona njaa.

Juu ya mlango, kwa ndani, mzee Kashindi alikuwa ameandika kwa chaki amri moja: MASHINI HAISAFIRI NA SINDANO. Barabara ya bonde la Ruzizi ilikuwa mashimo matupu. Mashini ikitikiswa juu ya kamiyo, yaani lori, sindano inashuka yenyewe, inakatika, na ncha inaangukia ndani kabisa. Kwa hiyo wateja wote wa mbali walifundishwa kutoa sindano kabla ya safari, nasi tulitoa yetu kabla ya kuwarudishia mashini. Ilikuwa amri nzuri. Hata sasa siwezi kusema ilikuwa mbaya.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini mama Sidonia alipokuja kutoka Luvungi. Alikuwa mshonaji wa kijiji, mwanamke mrefu mwenye kusema haraka, na alishuka kwenye kamiyo akiwa amepakata mashini yake iliyofungwa ndani ya kitenge kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa mashini ya kuzungusha kwa mkono, ya zamani, ya zile ambazo bobini yao ni ndefu na inalala ndani ya kijichuma chenye ncha. Kijichuma hicho sisi tulikiita mtumbwi, kwa kuwa kinakwenda na kurudi chini ya bati kama mtumbwi unaovusha watu.

"Inaruka," akasema. "Inashona kidogo, inaacha. Na uzi unajikusanya chini."

Niliiweka mezani, nikaingiza sindano yetu, nikapitisha uzi, nikazungusha. Ilishona vizuri kabisa. Nikashona kipande kirefu cha kitambaa cha amerikani, mstari ukanyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Niliifagia, nikaipaka mafuta, nikatoa sindano, nikamrudishia.

Baada ya juma moja alikuwa mlangoni tena. "Weye fundi, ulifanya nini? Iko vilevile."

Safari hii niliifungua yote. Niliutazama mtumbwi kwa kioo cha kukuza, ncha yake ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Nilipima meno, nilipima mguu unaokandamiza kitambaa, nilibadilisha kibati cha bobini ingawa hakikuwa na kosa. Nilipoiunga tena na kuweka sindano yetu, ilishona kama maji. Mzee Kashindi akaja akasikiliza, akainamisha kichwa, akasema, "Hii haina neno." Tukatoa sindano. Mama akapanda kamiyo.

Mara ya tatu alikuja bila kuifunga kitengeni. Aliiweka mezani kwa kishindo, akasema watu wa Luvungi sasa wanapeleka nguo zao kwingine na wanamcheka njiani. Nikamwambia, "Kaa weye mwenyewe, mama, ushone." Akakaa, akashona. Pointi zote zilitoka sawa. Alizitazama, akasimamisha mkono.

"Kwako inashona," akasema polepole. "Kwangu inakataa. Sababu gani?"

Hapa nawaomba vijana msome taratibu. Nilikuwa nimechoka na mashini ile, na nilikuwa nimeumia kwa kuonekana mtu asiyejua kazi. Nikasema, kwa sauti ya mtu mkubwa: "Mama, mashini iko muzima. Ugonjwa uko kwako nyumbani. Rudia uangalie vizuri mu nyumba yako."

Nilikuwa nawaza meza inayoyumba, au uzi mbovu, au mwanga mdogo. Yeye akasema, "Asante. Sasa nimesikia." Akaondoka ametulia. Nilifurahi kwamba ameelewa.

Juma mbili zikapita. Siku ya Alhamisi dereva wa kamiyo ya chumvi aliingia atelye kutafuta kamba, akanitazama, akasema, "Kumbe ni weye! Luvungi yote inakutaja."

"Kwa nini?"

"Si weye ulimwambia Sidonia mashini yake imelogwa na mutu wa karibu? Amesema fundi wa Uvira ameifungua, amekuta iko muzima, na ulozi uko nyumbani. Wamemushika rafiki yake, Venansia. Jumamosi kapita wa kijiji atasikiliza maneno, na wanasema huyu mama atatoka mu kijiji na watoto wake."

Mzee Kashindi aliweka chini bisibisi. Dereva alipotoka, akaniuliza, "Ulisema nini sawasawa?"

Nikarudia maneno yangu. Yalipotoka kinywani mara ya pili niliyasikia kama watu wa Luvungi walivyoyasikia.

"Na aliposema asante, ulimuuliza anashukuru kitu gani?"

"Hapana, mzee."

Alifungua na kufunga kifungo cha shingoni. "Enda kesho asubuhi. Usitengeneze kitu. Muombe ashone fasi anaposhonea siku zote, weye ukae uangalie mikono yake."

Ijumaa nilipanda kamiyo, nikakaa juu ya magunia ya ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu. Tulipita Kavimvira, tukaingia bondeni, pande zote mbili mashamba ya pamba. Njia nzima nilikuwa na hofu, lakini nitasema ukweli, chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine. Nilitaka kujua. Mashini inayoshona mahali pamoja na kukataa mahali pengine ilikuwa imenikaa kichwani kama punje ya mchanga ndani ya jicho.

Mama Sidonia alinipokea kwa heshima kubwa, na mara nikaelewa kwa nini. "Umekuja kunisimamia kesho," akasema. "Mungu akubariki." Nilimwomba ashone kidogo.

Alishonea karibu na mlango, mwanga ukitoka kushoto. Meza ilikuwa imara. Niliisukuma kwa goti, haikuyumba. Uzi ulikuwa mzuri, uleule tuliotumia sisi. Alijaza bobini kwa mkono, taratibu, kwa usawa ambao wengi wa wateja wangu hawakuuweza. Akailaza ndani ya mtumbwi, akavuta uzi chini ya kibati, hakuna kosa. Kisha akafungua kopo la majani ya chai, akatoa pakiti ndogo ya karatasi nyeusi, na ndani ya pakiti akachomoa sindano.

Akaikaza. Akazungusha. Pointi mbili, pengo. Pointi moja, pengo refu.

"Unaona?" akasema.

"Simama kidogo, mama."

Nilikuwa na sindano ya atelye kwenye ukosi wa shati. Nikatoa yake, nikaweka yangu. Ikashona. Nikarudisha yake. Ikaruka. Nikafanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu nikacheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Nilizilaza sindano mbili juu ya kitambaa cheusi, vichwa vyao vikiwa sawa. Ile ya kwake ilikuwa fupi kuliko yangu kwa unene wa ukucha. Na kichwa chake hakikuwa cha mviringo kote kama cha yangu. Upande mmoja kilikuwa bapa.

Basi ndiyo hiyo. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi wake unatengeneza kitanzi kidogo chini ya bati, na mtumbwi unapita ndani ya kitanzi hicho. Sindano ikiwa fupi, kitanzi kinakaa juu mno, na mtumbwi mara nyingi unapita chini yake bila kukigusa. Atelye hatukuiona sindano ile hata siku moja. Kila mara mashini ilikuja bila sindano, ikashona na yetu, ikarudi bila sindano. Amri yetu wenyewe ndiyo iliyotufunga macho.

Nikiwa bado na furaha yangu, nikauliza, "Hizi sindano ulizipata wapi?"

"Kwa Venansia," akasema. "Kaka yake anatumika kazi Usumbura, ng'ambo ya ziwa, alimuletea. Na yeye akanipatia pakiti nzima, ile mwezi nilimusaidia kuzaa mutoto wake wa mwisho. Za zamani zilikuwa zimeisha. Tangu nimeanza hizi, mashini ikakataa." Akaangalia sindano mbili juu ya kitambaa, akainua macho. "Kumbe umeiona na macho yako. Ulozi uko mu sindano. Kesho utasema vile."

Furaha yote ikaniisha. Nilikuwa nimepata ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa unamwangamiza Venansia.

Nikaomba kuonyeshwa nyumba ya Venansia. Nilimkuta uani anafunga vyungu ndani ya mkeka. Alikuwa mdogo wa umbo, sauti yake imekauka, na mtoto mchanga mgongoni.

"Minye ni fundi wa Uvira," nikasema.

Hakuacha kufunga. "Karibu. Umekuja kuona mulozi anafanana na nini?"

"Nimekuja kuomba musamaha. Sikusema ulozi. Nilisema vibaya, na sikufikiri."

"Kesho utawaambia hawa wote kwamba ulisema vibaya?"

"Nitawaambia. Lakini haitatosha. Kaka yako alisema nini juu ya zile sindano?"

Alifikiri. "Alisema mwenye duka alimwambia ni nzuri sana, ni za mashini za kisasa. Minye najua nini? Sindano ni sindano. Sidonia alikaa na minye siku mbili, damu ilikataa kusimama, na yeye hakuniacha. Nilikuwa sina kitu kingine cha kumupa."

"Hapa kijijini kuna mashini ingine?"

"Ya bibi ya kapita. Iko mupya. Haachi muntu aiguse."

Nilikwenda kwa kapita Gaspari, yaani mkuu wa kijiji, nikaomba kuijaribu mapema. Mkewe alinijibu akiwa ndani, bila kutoka: mashini yake haitaguswa na fundi wala sindano kabla maneno hayajaisha. Nilichoweza kuona kupitia mlangoni ni kwamba ilikuwa ya bobini ya duara. Kwa hiyo Jumamosi niliingia uwanjani kwa kapita nikiwa na dhana tu. Kile kichwa bapa kilikuwa kimetengenezwa ili kukaa ndani ya kitu fulani. Kama kitu hicho hakikuwa mashini ya mke wa kapita, basi mimi ndiye ningekuwa nimemfukuza Venansia, na kwa mikono yangu.

Watu walijaa. Sidonia alikaa upande mmoja na mashini yake miguuni. Venansia upande wa pili, watoto wamemshika nguo. Kapita alikuwa mtu mzito, asiyependa maneno mengi. Akaniita mbele.

"Fundi. Shida iko mu mashini?"

"Hapana, kapita. Mashini ni nzima."

"Iko mu sindano za huyu mama, ao haiko?"

Nilitaka kuzunguka, lakini alikuwa ameniuliza wazi, nami nilikuwa nimekwisha kuona madhara ya maneno yasiyo wazi. "Iko mu sindano," nikasema.

Uwanja ukalipuka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba atoke leo, asingoje kesho. Venansia hakulia. Alimtoa mtoto mgongoni, akampakata kifuani.

"Kapita, sijamaliza!" Nilipaza sauti. "Sindano haina ubaya. Si ya mashini hii, ni ya mashini ya namna ingine. Nipe mashini ya mke wako, niwaonyeshe."

"Apana!" Mke wa kapita alisimama. "Iingie mu yangu, na yangu ife?"

Kapita alisita. Niliona kwamba jambo linaelekea kufa pale. Nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui kilinijiaje: nikavua shati. "Nitashona shati yangu na sindano yake," nikasema, "halafu nitaivaa mbele yenu. Kama kuna ulozi, uningie minye. Minye ndiye nilianza haya maneno."

Mke wa kapita alinitazama kifua wazi, mbavu zangu zote zinahesabika. "Basi," akasema. "Lakini nitaizungusha minye mwenyewe."

Wakaileta mashini. Nilichukua sindano moja kwenye pakiti nyeusi, nikaiingiza. Ule upande bapa ukakutana na upande bapa ndani ya kishikio, ukaketi, tup, kama ufunguo unaojua kufuli lake. Nikajua kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliweka mfuko wa shati ambao ulikuwa umechanika chini ya mguu wa mashini, nikasema, "Zungusha, mama."

Alizungusha. Mfuko ukashoneka upande huu, ukapinda kona, ukashoneka upande ule. Kapita alichukua shati, akaliinua juani, akafuata pointi kwa kidole chake kinene mpaka mwisho. Hakukuta pengo. Nikalivaa.

"Labda fundi ana dawa," sauti moja ikasema nyuma.

Kabla sijajibu, mke wa kapita alikuwa tayari ameinama mezani. Nafikiri alikuwa ameshikwa na ugonjwa uleule wangu wa kutaka kujua. Alichukua sindano yake mwenyewe, ile niliyoitoa, akailinganisha na ya Venansia. "Zinafanana," akasema. "Hata hapa bapa." Akanipa. "Weka yangu kwa ile mashini ya Sidonia."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikaikaza ndani ya mashini ya zamani, nikamwomba Sidonia ashone yeye. Pointi mbili, pengo. Pointi moja, pengo refu.

Mke wa kapita alijishika kiuno, akawageukia watu. "Sasa? Na minye ni mulozi?"

Kapita mwenyewe akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha uwanja mzima ukacheka naye. "Maneno imeisha," akasema. "Hakuna mutu anatoka hapa."

Venansia hakucheka. Sidonia alivuka uwanja, akapiga magoti mbele yake, akapiga makofi polepole kama tunavyoomba msamaha. Kicheko kikakatika. Venansia akanyoosha mkono.

"Unipe sindano zangu," akasema.

Sidonia akamkabidhi pakiti. Venansia akaenda akampa mke wa kapita, kwa mikono miwili, akawaita watoto wake, akaondoka. Niliwasikia uani kwao wakifungua mkeka wa vyungu.

Sidonia alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwachia sindano zote nilizokuwa nazo. Akasema, "Ulisema ugonjwa uko kwangu nyumbani, na ulikuwa huko kweli. Ni minye nilisikia vibaya."

"Hapana, mama. Nilisema kama muntu mwenye hasira."

Mzee Kashindi alinisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Swali lake lilikuwa moja: fupi kwa kiasi gani? Nikamwonyesha ukucha wangu. Akapanda juu ya kiti, akaongeza kwa chaki chini ya ile amri: SINDANO INAKUJA PEMBENI NDANI YA KARATASI. Na tangu siku ile kila mteja tulimwambia alete vitatu pamoja na mashini: sindano anayotumia, uzi anaotumia, na kitambaa kilichomshinda. Vijana mnaona ni usumbufu, najua. Mnasema mteja akileta mashini, tengeneza mashini. Lakini nusu ya mashini "mbovu" nilizopokea tangu hapo zilipona kabla sijashika bisibisi. Tena niliacha kusema "ugonjwa." Nilisema "sindano," au "uzi," au "sijui bado." Hilo la tatu wateja hawakulipenda, ila hakuna aliyelipeleka nyumbani akaligeuza kitu kingine.

Miezi kadhaa baadaye, wakati wa kiangazi, Venansia alishuka Uvira kuuza unga wa muhogo. Nilimwona amesimama mlangoni pa atelye, kikapu kitupu mkononi, mtoto mgongoni sasa akiwa na meno.

"Sina mashini ya kutengeneza," akasema. "Nataka kuona mu ndani. Kile kintu kilitaka kunifukuza, nataka kukiona."

Mzee Kashindi akasogeza kiti mwenyewe. Tulikuwa na mashini ya aina ya Sidonia mezani. Niliondoa kifuniko cha chini, nikaweka uzi mwekundu ili auone vizuri, nikazungusha gurudumu kwa vidole, polepole kabisa. Sindano ikashuka. Ikaanza kupanda, na kitanzi kidogo chekundu kikafunguka kando yake, si kikubwa kuliko punje ya mtama. Ncha ya mtumbwi ikaingia ndani, ikapita, ikatoka ng'ambo.

Venansia aliinama mpaka nikaisikia pumzi yake mkononi mwangu. Nikaweka sindano ya aina ya zile za kaka yake, nikazungusha tena. Kitanzi kikafunguka juu. Mtumbwi ukapita chini, peke yake.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hii tu, mama."

Mtoto alinyoosha mkono kushika uzi, mama yake akamrudisha taratibu.

"Sidonia amemushonea huyu nguo," akasema, kama anayezungumza na mashini. "Aliiacha mlangoni, hakuita. Minye namusalimia sasa. Kukaa nyumbani kwake, bado."

Venansia akavuta kiti karibu zaidi na meza.

"Weka ile ndefu," akasema. "Zungusha tena."